Bei ya Mlango wa Mto

Askari wa serikali ya zamani walipokimbia kambi, sisi wake zao tulibaki na masufuria yetu. Mume wangu alikuwa ameondoka miezi mingi kabla. Vita vilipoanza mashariki walimpakia kwenye ndege pamoja na kikosi chake, na tangu siku ile sikupata hata salamu ya mdomo. Nilikuwa nimemfuata kutoka Mbandaka nikiwa bado msichana, nikaishi naye katika chumba kimoja kwenye kambi ya Kamina, kati ya wanawake waliotoka kila pembe ya nchi na waliosema Kilingala kama mimi. Kule kambini sikuhitaji lugha nyingine. Tulipika pamoja, tulisukana nywele, tuligombania bomba la maji, yote kwa Kilingala.

Kisha askari wapya wakaja, nyumba za kambi zikagawiwa upya, na kila mwanamke akaenda alikoweza. Wenzangu wengi walipanda treni ya kwanza iliyopatikana. Mimi sikupanda. Nilijiambia kwamba mume wangu akirudi ataanza kunitafuta Kamina, na akinikosa Kamina hatajua pengine pa kuulizia.

Nikapata chumba mjini, nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mluba. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza Kiluba na wanawe na Kiswahili na wapita njia. Mimi alinionyesha kwa mkono choo kiko wapi na maji yako wapi, mazungumzo yetu yakaishia hapo. Siku ya kwanza nilipoenda sokoni nikauliza bei ya majani ya muhogo kwa Kilingala, muuzaji aliweka mkono juu ya kapu lake kama mtu anayezuia lisichukuliwe. Nilielewa. Kwa watu wa mji ule, Kilingala kilikuwa lugha ya wale waliopita usiku na bunduki wakibeba redio na mbuzi wa watu. Tangu siku hiyo nilinunua kwa kidole. Naonyesha, nalipa, naondoka.

Asubuhi nilikaanga mikate ya mafuta na kuiuza karibu na stesheni. Treni zilikuwa chache, lakini watu waliokuwa wakingoja treni walikuwa wengi, na mtu anayengoja hula. Kabla jua halijafika juu sinia lilikuwa tupu. Saa mbaya zilikuwa zile za baadaye, mchana mzima mpaka jioni, nimekwisha kuosha sufuria, sina wa kuongea naye, na ukuta wa chumba changu haukuwa hata na dirisha la upande wa barabara. Nilikuwa nalala ili muda upite, na nikiamka jua bado liko palepale.

Siku moja nilienda kununua chumvi katika duka ambalo sikuwahi kuingia. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, Mwislamu, wa ukoo wa wale wafanyabiashara waliotoka Maniema zamani. Wote walimwita Yaya, yaani dada mkubwa, hata wazee. Aliuza chumvi, sabuni, vitenge, na samaki wakavu waliotoka Kinkondja, na duka lote lilinuka samaki hao. Ndani, mahali ambapo wengine wangeweka magunia, palikuwa na mabenchi mawili, televizyo ndogo, betri ya gari, na mashine ya mchezo. Watu wazima walikuwa wamebanana pale wakipiga kelele. Kwenye kioo, kijitu chenye kofia ya buluu kilikuwa kinaruka mashimo.

Nilisimama na chumvi yangu mkononi. Yaya akaniangalia.

“Unataka kucheza?”

Nikatikisa kichwa.

“Iko bure,” akasema. “Bure kabisa. Kaa, ngojea tour yako.”

Neno “bure” nililijua. Nikakaa.

Ilipofika zamu yangu, kijitu changu kilianguka kwenye shimo la kwanza na watu wakacheka. Lakini hawakunicheka kwa sababu ya mume wangu wala kwa sababu ya lugha yangu. Walinicheka kwa sababu ya shimo. Nilirudi mwisho wa benchi kungoja tena, na nilipotoka pale jua lilikuwa limeshuka. Mchana mzima ulikuwa umepita bila mimi kulala.

Nieleze jinsi mchezo ule ulivyokuwa, maana ugomvi wote ulitokana na hapo. Kijitu kilikuwa kinapita nchi moja baada ya nyingine. Nchi ya kwanza ilikuwa ya mawe, ya pili ya mvua, ya tatu ya mto, na nyingine zilikuwa mbele. Kucheza kulikuwa bure, lakini kijitu chako kikifa unatoa maneti, ule mkono wa kuchezea, unampa anayefuata, na ukirudi unaanzia tena kwenye mawe. Mashine ikizimwa ilisahau kila kitu. Lakini kila nchi ilikuwa na mlango wake. Ukiweka picha nne kwa mpangilio wake, kwa mfano nyota, ufunguo, samaki, mwezi, mashine inakupeleka moja kwa moja kwenye nchi hiyo. Mtu aliyevuka nchi kwa jasho lake angeonyeshwa picha hizo bure, ila kwa foleni ile na mashimo yale waliovuka walikuwa wachache mno.

Yaya alizijua picha za milango yote. Mashine ilikuwa ya mwanawe, aliyeileta kutoka Zambia, akacheza mpaka mwisho, akamfundisha mama yake milango, kisha akaenda Lubumbashi kutafuta maisha. Yaya alikuwa anaiuza milango hiyo. Ukimlipa, alikuja mwenyewe mbele ya televizyo, akajifunika mtandio yeye na kioo pamoja, akaweka picha nne, akatoka akiwa ameirudisha maneti mkononi mwako. Wengine walijaribu kuchungulia chini ya mtandio. Hawakuona kitu. Alikuwa mpana, na alijua kukaa.

Kitu cha kulipia kilikuwa chochote. Noti za wakati ule zilikuwa zinapoteza nguvu mifukoni, kwa hiyo watu walileta mahindi, mishumaa, kipande cha sabuni. Mimi nilileta mikate.

Nchi ya mto niliiona mara ya kwanza mtu mwingine alipokuwa anacheza. Ilikuwa na maji mapana ya kijani yanayotembea, msitu ng'ambo, na mitumbwi midogo iliyopita peke yake bila mtu ndani. Kamina iko juu, kwenye nyasi. Upepo ni mwingi, mto wa kuitwa mto haupo karibu. Mimi nimezaliwa mahali ambapo ukitoka nje asubuhi unauangalia mto kwanza, ndipo unanawa. Nilipoona yale maji ya kwenye kioo nilishika benchi.

Kesho yake nikanunua mlango wa mto. Nilipoingia sikukimbia. Nilikisimamisha kijitu kwenye ukingo, mahali ambapo adui hakufika, nikaangalia maji. Watu wakaanza kupiga kelele.

“Enda! Enda mbele!”

“Mama, ruka! Mutumbwi inapita!”

Sikwenda. Mitumbwi ilipita, mingine ikaja. Mtu mmoja akauliza kama nimekufa. Yaya, kutoka nyuma ya meza yake, akawaambia waniache, nimelipa. Nikakaa hivyo mpaka mwenye zamu aliyefuata akaanza kugonga benchi kwa ngumi, ndipo nikakirusha kijitu majini kwa makusudi ili nimpe nafasi.

Hivyo ndivyo nilivyoishi miezi ile. Asubuhi mikate, mchana mto. Na katika kungoja zamu, Kiswahili kiliniingia. Sikukisoma mahali popote. Nilikisikia pale benchini, kikiwa na Kiluba ndani yake na Kifaransa juu yake, na kwanza nikajua maneno ya mchezo: ruka, enda, kufa, rudia, yangu, yako. Majani ya muhogo niliyoyaita pondu nikajifunza kuyaita sombe. Lakini bado sikuongea. Nilicheka wakicheka, nikaguna wakiguna.

Aliyeongea sana alikuwa fundi mmoja wa reli. Alikuwa na mikono mikubwa na mshahara ambao haukuwahi kufika, na alipenda ubishi kuliko mchezo wenyewe. Siku moja alisimama katikati ya duka akamwambia Yaya kwamba anawaibia watu.

“Chumvi nikiuza kwako, naenda nayo nyumbani,” akasema, maana kule kununua wanaita kuuza, na kuuza wanaita kuuzisha. “Sabuni, naenda nayo. Hii mulango naenda na nini? Unauzisha picha ine. Picha haiishe! Ukiniuzishia minyi, inabakia kwako yote. Sasa bei inatoka wapi?”

Watu wakaunga mkono. Yaya alikuwa anapima samaki. Hakuinua hata kichwa.

“Mangaribi betri inaisha,” akasema. “Nani anaipeleka kwa mwenye grupu? Mazutu ya grupu iko bure?” Grupu ni jenereta, na mazutu ni dizeli yake.

“Basi uzisha mazutu. Usiuzishe picha.”

“Nani amekulazimisha? Anzia ku majiwe, kama banzako. Iko bure.”

“Unajua kama hatuwezi kufika!”

“Mi sikutengeneza yale mashimo,” Yaya akasema, na watu wakacheka, hata fundi akacheka. Lakini hakunyamaza. Ili kuonyesha kwamba bei haina msingi, alianza kuwauliza watu mmoja mmoja wamelipa nini. Yeye mwenyewe kwa mlango wa mto alikuwa analipa kopo la mahindi. Mwingine mshumaa. Mwingine samaki mdogo ambaye Yaya mwenyewe ndiye aliyemuuzia. Akafika kwangu.

“Na weye, mama wa mikate?”

Nilikuwa nalipa chupa ya mafuta ya mawese. Nilianza na mikate, lakini kila juma Yaya aliongeza kidogo, akionyesha kwa mkono, mpaka ikafika chupa nzima. Na mimi bila mafuta sikaangi. Nilikuwa nimepunguza ukubwa wa mikate yangu ili niweze kulipa, na wateja wa stesheni walikuwa wameanza kununua kwa wengine. Sikujua kwamba wengine hawalipi hivyo. Nilidhani bei ni bei.

Nikanyanyua mkono nikaonyesha chupa iliyokuwa kwenye rafu.

Sentensi yangu ya kwanza ndefu ya Kiswahili ilitoka hapo, na ilitoka na hasira. Nilisema:

“Yaya, juu ya nini kwake mahindi, kwangu mafuta? Mulango si moja?”

Wengine walishtuka kusikia kwamba nina sauti. Yaya aliweka mizani chini.

“Mulango iko moja,” akasema polepole. “Ye anapita pale tu, anaenda mbele. Weye unakaa.”

“Betri inakula moja.”

“Njo vile, inakula moja. Lakini ye nikimuomba mafuta hatalipa, ataenda. Weye utalipa. Niliona ku macho yako siku ya kwanza.”

Hakusema kwa ukali wala kwa aibu. Alisema kama mtu anayeeleza jinsi kitenge kinavyopimwa. Niliweka maneti juu ya benchi na kutoka.

Binti yangu, niliyemzaa baadaye kabisa katika maisha mengine, alinipigia simu mwaka jana akiwa amekasirika. Kuna mchezo wa bure kwenye simu yake, na ndani yake alikuwa amenunua nguo za mwanasesere na mapambo kwa pesa ambazo mumewe alifikiri ni za chakula. Kilichomuudhi hakikuwa pesa. Aligundua kwamba rafiki yake, katika mchezo uleule, anaonyeshwa nguo ileile kwa bei ndogo kuliko yake. “Mama, wanajuaje kwamba mimi nitalipa?” aliniuliza. Nilimwambia sijui mashine zinavyojua. Sikumwambia kwamba hali hiyo naijua. Kulipa zaidi kunauma, lakini si hapo hasa. Kinachouma ni kwamba mtu alikuangalia, akaona mahali unapotamani, na akapaona pana faida.

Sikurudi dukani. Mvua zikaanza, stesheni ikawa tope, na mchana wangu ukarudi kuwa mrefu. Sasa ulikuwa mrefu zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu nilijua kule wanafanya nini saa ile. Nilikaa mlangoni kwangu nikiangalia maji ya mvua yakipita kwenye mfereji. Mama mwenye nyumba aliniletea bukari, yaani ugali, na sombe siku mbili tatu bila kusema kitu, akidhani naumwa. Nilimshukuru kwa Kiswahili. Alisimama akiwa bado ameshika sahani.

“Kumbe unasema,” akasema.

“Kidogo.”

“Sasa ulikuwa unanyamazia nini wakati wote huu?”

Nikampokea sahani. Akacheka, akaenda zake.

Kisha vita vya pili vikaanza. Ndege zikawa zinatua kambini mchana kutwa, na barabara ya kutoka kambini ikajaa magari. Walikuja askari wa nchi nyingine waliosema Kiingereza, na walikuja pia askari wetu kutoka Kinshasa, vijana wembamba waliovaa viatu vikubwa kuliko miguu yao. Mazutu yote ya mji yalianza kwenda kambini.

Alasiri moja fundi wa reli alifika mlangoni kwangu akitweta.

“Yaya anakuita. Kuko baaskari mu duka, banasema Kilingala. Minyi siisikie ile luga. Bameweka bunduki juu ya chumvi.”

Ningeweza kusema hapana. Nilifikiria kusema hapana, na bado nakumbuka nilivyofikiria nikiwa nimeshika kizingiti. Lakini nilijifunga kitenge nikaenda.

Walikuwa wanne. Mmoja alikuwa ameshika maneti, wengine walikuwa wanampigia Yaya kelele wakimtaka afungue milango yote, na Yaya alikuwa anawajibu kwa Kiswahili kwamba mlango unalipiwa. Mtandio wake ulikuwa umekaa sawasawa. Wateja walikuwa wamebanwa ukutani.

Nikawasalimia kwa Kilingala. Nikawaita ndugu zangu. Sikuwa nimeisikia sauti yangu katika lugha ile kwa zaidi ya mwaka, ikawa kama sauti ya mtu mwingine aliyeingia nyuma yangu. Yule mwenye maneti aligeuka.

“Mama, unatoka wapi?”

“Mbandaka.”

“Mbandaka!” Akasimama. Mama yake alikuwa wa kule. Akaniuliza mtaa, nikamtajia, akasema bibi yake alikuwa anauza samaki hatua chache kutoka hapo. Ghafla wakawa watoto. Bunduki ziliondolewa juu ya chumvi bila mtu kuambiwa aziondoe. Nikawauliza habari za kikosi cha mume wangu. Wakaangaliana. Mmoja akasema wengi wa wakati ule walivuka mipaka, wengine huku, wengine kule, na wengine hakuna anayejua. Alisema kwa upole, na sikuendelea kuuliza.

“Sasa, mama,” akasema yule mwenye maneti, “huyu anasema tulipe. Tulipe nini? Ni kiasi gani?”

Nikamgeukia Yaya. Alikuwa ananiangalia, hajui tunasema nini, anangoja. Fundi naye alikuwa anangoja. Nikawajibu askari kwa Kilingala, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili kila mtu asikie:

“Kopo moja la mahindi, ao kitu cha bei ile. Mulango yote bei moja. Muntu yote bei moja. Askari, raia, mama wa mikate.”

Yaya alizitazama bunduki. Angesema nini mbele ya watu wanne wenye bunduki ambao kwa mara ya kwanza walikuwa tayari kulipa? Askari mmoja akatoa kopo la nyama ya jeshi kutoka mfukoni, akaliweka mezani. Yaya akajifunika mtandio na kioo, akaweka picha.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri. Nilikaa kwenye kigoda karibu na televizyo, nikipanga foleni katika lugha mbili, na bei ilikuwa moja. Fundi wa reli alitangaza stesheni nzima kwamba sasa kuna haki katika duka lile, na watu wakajaa mpaka barazani. Jioni, kabla Yaya hajafunika televizyo kwenda kuswali magharibi, nililipa kopo langu la mahindi kama wengine, nikakaa ukingoni mwa mto wangu. Hakuna aliyenipigia kelele tena. Lakini upweke haukwisha. Ulikaa nami pale kigodani, katikati ya watu wote wale, na nilipoangalia mitumbwi mitupu ikipita nilikuwa nawafikiria wale wa “wengine huku, wengine kule”.

Asubuhi moja Yaya alinishika mkono akanipeleka nyuma ya meza.

“Angalia rafu,” akasema.

Rafu ilikuwa karibu tupu. Sabuni ilikuwa imekwisha. Magunia ya chumvi yalikuwa yamebaki moja na nusu.

“Mwenye grupu anapandisha bei kila siku, juu mazutu inaenda ku Base, ku kambi ya baaskari. Mahindi yako haitoshe. Betri nimeilipa na chumvi yangu, nimeilipa na sabuni yangu. Bei yako muzuri, mudogo yangu. Inakula duka yangu.”

“Kwa nini hukusema?”

“Bantu walikuwa na furaha.” Akafuta vumbi kwenye rafu. “Na weye pia.”

Nilikaa juu ya gunia. Nikamwambia basi tuwatoze askari zaidi, wao wana vitu. Yaya akaniangalia kwa jicho ambalo sikulipenda.

“Ku macho yao?” akauliza.

Nikamwambia basi tutoze kila mtu kidogo kwa kucheza kwenyewe, hata kwenye mawe, na milango tuiache bure. Hapo alikataa haraka, na ndipo nilipojua kilichokuwa nyuma ya neno lake la “bure”. Mwanawe alipokuwa anaondoka alimwomba asitoze mchezo. Alisema watu waje wacheze, duka lisiwe kimya, mama yake asikae peke yake. Milango hakuisema, kwa hiyo milango Yaya aliiuza. Tangu aondoke mwanawe alituma salamu mara moja, kwa mtu wa treni. Yaya aliwasha televizyo kila siku ili duka liwe kama alivyoliacha.

Mimi nilikuwa nimemchukia mwanamke yule kwa kuona nilichotamani. Kumbe tulikuwa tumekaa duka moja miezi yote ile, kila mmoja anangoja mtu wake, na hatukuwahi kuulizana. Sikumwambia kwamba chupa za mafuta zilikuwa haki. Hazikuwa haki, na hata leo nasema hazikuwa. Lakini bei yangu niliyoitangaza kwa sauti mbele ya watu nayo ilikuwa imelipwa na mtu mmoja, kimyakimya, kwa chumvi yake. Nilikaa na mambo hayo mawili na sikuweza kuyapatanisha.

Mwishowe hatukuhitaji kuamua. Mazutu yalikwisha mjini. Mwenye grupu alifunga, betri ikafa, na televizyo ikafunikwa kitenge. Watu walikuja siku chache, wakakaa kwenye mabenchi kwa mazoea, wakabishana nani angefika mbali, kisha wakaacha. Fundi wa reli alikuja siku nyingi zaidi kuliko wengine. Siku moja naye hakuja.

Ofisa mmoja kati ya wale wa Kiingereza alisikia habari ya mashine akaja kuitaka. Kule kambini walikuwa na umeme wao. Yaya aliniomba nisimame kando yake.

“Usiseme kitu,” akaniambia.

Ofisa aliinua kitenge, akaigusa mashine kwa kidole, akabonyeza swichi mara mbili ingawa haikuwaka, akatabasamu peke yake. Nadhani alikuwa na watoto kwao, au labda alikuwa anakumbuka utoto wake. Yaya alimwangalia usoni muda mrefu. Kisha akataja bei, kwa dola, bei ya kuvunja mgongo. Nilikumbuka chupa zangu za mafuta. Ofisa hakubisha sana. Sikusema kitu. Kwa ziada Yaya akaniomba nimchoree picha za milango yote kwenye kipande cha gunia, akinitajia moja moja. Nilipofika kwenye ule wa mto mkono wangu ulijua wenyewe.

Kwa pesa hizo Yaya alikata tiketi ya kwenda Lubumbashi kumtafuta mwanawe. Nilimsindikiza stesheni. Treni ilichelewa kama kawaida, tukakaa juu ya mizigo yake tukila mikate yangu.

“Twende wote,” akasema.

“Mume wangu akirudi atanitafuta hapa.”

Alimaliza kutafuna kwanza.

“Hatarudi, mudogo yangu.”

Hakuna mtu aliyewahi kunitamkia hivyo. Sikulia. Nilimwambia labda mwanawe naye hayuko Lubumbashi. Akasema anajua. Kisha tukasikia treni, na mambo yakawa ya kubeba na kusukumana, na sikupata nafasi ya kumuaga vizuri. Alinipungia mkono akiwa tayari anagombana na mtu kuhusu kiti.

Duka aliniachia niliangalie. Niliuza chumvi iliyobaki, nikakaanga mikate barazani, na hatimaye wanawake wa mtaa wakaanza kununua kwangu kwa maneno. Baada ya muda mrefu mfanyabiashara mmoja aliyepitia Lubumbashi akielekea Kaniama aliniletea habari. Yaya hakumpata mwanawe. Kijana alikuwa ameshavuka kwenda kusini, hakuna anayejua nchi gani. Lakini alimkuta mke wa mwanawe, ambaye Yaya hakujua kwamba yupo, na mtoto mchanga, katika chumba kibaya huko pembeni mwa jiji. Alibaki nao. Alikuwa anauza samaki mlangoni. Mfanyabiashara akasema mama yule bado ni mkali wa bei.

Miaka ile, kila nilipotoka nilimwambia mama mwenye nyumba naenda wapi, ili mume wangu akija kuniulizia aelekezwe. Naenda sokoni. Naenda kisimani. Niko dukani. Siku moja katika kiangazi nilienda kununua unga, nikakutana na watu, tukaongea, nikapitia kanisani, nikarudi jua likiwa limeinama. Mama mwenye nyumba alikuwa anafagia uwanja.

“Leo hukuniambia umeenda wapi,” akasema.

Nikasimama na unga kichwani. Kweli, sikuwa nimemwambia.

“Nilisahau,” nikasema.

Akanipokea unga, tukaingia ndani kupika.